Ziwa li machoni, maji hayapo mkononi: Namna ya kupanga safari ya miguu ya siku nyingi kutoka Gisenyi

Anayetoka Gisenyi kwa miguu kuelekea kusini, akiifuata Njia ya Kongo-Nile, huliona Ziwa Kivu karibu kila saa ya safari yake. Ziwa liko pale chini, pana na la buluu, na upepo wake humfikia msafiri hata juu ya vilima vya Rutsiro. Hata hivyo, kundi linalojiandaa kwa safari hiyo halina budi kujipanga kama linalovuka milima ya nchi kavu. Maji yanayoonekana si maji yanayonyweka, na mara nyingi kati ya njia na ufuo kuna mteremko mrefu ambao mtu aliyebeba mzigo hawezi kuushuka na kuupanda tena kwa ajili ya kujaza chupa.

Kiangazi kirefu, kuanzia Juni hadi karibu katikati ya Septemba, ndicho wakati ambapo vikundi vya vijana, vya wafanyakazi na vya jamaa hufikiria safari za namna hii. Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya wale watakaobaki nyumbani wakisubiri simu.

Njia na umbali wake

Njia ya Kongo-Nile ina urefu wa kilomita 227. Huanzia Rubavu na kuishia Rusizi, ikipita wilaya za Rutsiro, Karongi na Nyamasheke, yote katika Mkoa wa Magharibi. Jina lake limetokana na safu ya milima inayogawa maji ya nchi. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huingia Kivu, ikateremka kwa Mto Rusizi hadi Tanganyika na hatimaye Mto Kongo. Inayonyesha upande wa mashariki huishia Nyabarongo, Akagera na Nile. Aendaye kwa miguu huhesabiwa siku 10 kuimaliza njia yote, na wa baiskeli siku 5.

Ni wachache wenye siku 10 za kutumia. Kundi la watu wenye kazi na familia kwa kawaida lina siku tatu au nne, na kwa muda huo safari inayofaa ni kutoka Gisenyi hadi Kinunu, penye kiwanda cha kuoshea kahawa kando ya ziwa, au kuendelea kidogo mbele yake. Siku ya kwanza huonekana nyepesi. Barabara hufuata ufuo hadi Rubona, ikapita kiwanda cha bia na chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba, na wengi hufika hapo wakicheka na kupiga picha. Baada ya hapo njia huanza tabia yake halisi: hushuka kwenye hori, hupanda mgongo wa kilima, hushuka tena kwenye hori jingine. Ufuo wa Kivu umechongoka kama meno ya msumeno, na mtembea kwa miguu hulipa gharama ya kila jino.

Anayepima safari kwa kilomita pekee atakosea. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hata leo: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5 za ardhi tambarare, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua siku ya kilomita 20 yenye jumla ya mita 900 za kupanda. Kilomita zinatoa saa nne, mlima unatoa saa moja na nusu, jumla saa tano na nusu. Lakini Naismith aliwahesabia watu wenye nguvu na mzigo mwepesi. Kundi la watu wanane wa umri tofauti, wenye mashanta mgongoni, liongezewe nusu ya muda huo, yaani lifanye saa nane hivi. Likiondoka saa kumi na mbili asubuhi, litafika saa nane mchana, na bado litakuwa na saa nne za mwanga. Likiondoka saa nne asubuhi, kama makundi mengi yanavyofanya kwa sababu ya kusubiriana mjini, giza litalikuta njiani.

Hesabu ya maji

Sasa tufikie jambo zito kuliko yote, na uzito hapa ni wa mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu mzima anayetembea mlimani juani akiwa na mzigo ahesabiwe lita tatu kuanzia alfajiri hadi mwisho wa mwendo, na nyingine mbili za jioni kwa kupika, kunywa na kunawa. Hizo ni lita tano. Kwa watu wanane ni lita 40, yaani majerikani mawili ya lita 20 yaliyojaa. Yeyote aliyewahi kubeba jerikani moja kutoka bombani hadi nyumbani anajua maana yake kulipandisha kilimani kwa saa nane.

Kwa hiyo kundi halibebi maji ya siku nzima ila pale ambapo hakuna njia nyingine. Linapanga vituo vya maji kwanza, kisha mahali pa kulala, kisha umbali. Wengi hufanya kinyume: huchagua mahali pazuri pa kulala kwenye ramani, wakaja kujiuliza habari ya maji wakiwa wameshafika.

Vituo vyenyewe ni vya aina nne. Kuna mabomba ya umma vijijini, ambapo maji hununuliwa kwa jerikani. Kuna shule, vituo vya afya, misikiti na makanisa, ambako mgeni mwenye adabu hanyimwi. Kuna chemchemi, na mwisho kuna ziwa na vijito. Mabomba ndiyo tegemeo, lakini bomba la kiangazi si la kuaminiwa kwa sababu tu lilitoa maji mwezi wa Aprili. Mtu mmoja katika kundi apewe kazi ya kupiga simu siku moja kabla, kwa mwenyeji wa mahali pa kulala au kwa mtu anayejulikana kijijini, na kuuliza swali moja tu: je, leo maji yametoka? Kazi hiyo isiachiwe kila mtu, maana kazi ya wote haina mwenyewe.

Maji ya ziwa na ya vijito yasinywewe bila kutibiwa, hata yakionekana maangavu kama kioo. Njia iliyo rahisi ni kuyachemsha. Yakishatokota sawasawa dakika moja inatosha, na juu ya mita 2,000 yaachwe dakika tatu, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyotokota kwa joto dogo zaidi. Kuyachemsha nusu saa, kama wengine wanavyofanya kwa hofu, ni kupoteza gesi au makaa bure. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na asubiri nusu saa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na kuachwa yatulie, kwani klorini hushindwa na tope. Vijito vinavyotoka milimani baada ya mvua huwa vya rangi ya udongo, na vyapaswa kuwa chaguo la mwisho.

Kunywa maji mengi pasipo chumvi nako kuna hatari yake. Mtu aliyetoka jasho siku nzima hupoteza chumvi, na akiongeza maji matupu tu anaweza kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa na kutapika. Pakiti za chumvi za kuongeza maji mwilini, zile wanazopewa watoto wenye kuhara, ziwemo katika kila shanta. Zikikosekana, lita moja ya maji salama itiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Dalili ya kuangalia ni mkojo: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, mambo ni mema, ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, mtu huyo ameshachelewa kunywa, hata kama anasema hana kiu.

Terekeza: ujuzi wa misafara ya kale

Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka mahali penye sifa mbaya paitwapo Marenga Mkali, kati ya Mpwapwa na nchi ya Wagogo. Hapakuwa na maji ya kunywa kwa mwendo wa zaidi ya siku moja. Mamia ya watu, wengi wao wakiwa wapagazi wenye mizigo kichwani na mabegani, walipavuka mwaka baada ya mwaka kwa mbinu iliyoitwa terekeza.

Mbinu yenyewe ilikuwa hivi. Msafara ulilala kwenye maji, na asubuhi haukuondoka. Watu walipika, wakala, wakanywa hadi wakatosheka, wakajaza vibuyu. Kuanzia adhuhuri waliondoka na kutembea jua likishuka, hadi usiku. Walilala pakavu bila kupika. Alfajiri waliondoka tena mapema, kabla ya jua kuwa kali, na asubuhi hiyo au mchana wake wakayafikia maji upande wa pili. Tazama hesabu iliyofichika hapo: badala ya kubeba maji ya siku mbili kamili, kila mtu alibeba ya jioni moja na asubuhi moja tu, na saa za jua kali alizitumia akiwa kwenye maji.

Mbinu hiyo inafaa hata leo, kwa marekebisho. Kwetu jua huchwa saa kumi na mbili jioni au dakika chache baadaye, na kutembea usiku katika njia zenye mabonde si busara. Lakini kundi linalojua kwamba mahali pa kulala pa kesho hapana maji linaweza kupumzika bombani hadi saa tisa alasiri, likapika chakula kikuu hapo, likanywa, likajaza chupa, kisha likapanda kwa saa mbili na nusu na kulala juu likiwa limekwisha kula. Asubuhi ni mkate, ndizi na maji kidogo, kisha kuteremka hadi bomba linalofuata.

Watu wa milima mikavu kwelikweli hufanya vivyo hivyo kwa vyombo vingine. Katika milima ya Ndoto na Nyiru, kaskazini mwa Kenya, vikundi vya watembeaji hutembea na ngamia au punda wa kubeba maji, na mwendo wa siku huamuliwa na kisima. Huko Oman, ambako Kiswahili bado kinasemwa katika nyumba nyingi, milima ya Hajar inapita mita 2,900, na vijiji vyake viliishi karne nyingi kwa mifereji ya falaji inayoleta maji kutoka mbali. Mtembeaji wa huko hupanga njia yake kutoka kijiji chenye falaji hadi kingine, na hutembea kati ya Novemba na Machi tu.

Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kaskazini mwa Gisenyi, upande wa volkano, mvua hunyesha kwa wingi na bado maji ni ya shida, kwa kuwa miamba ya volkano huyanyonya kabla hayajafanya kijito. Anayetaka kupanda Karisimbi, mlima wa mita 4,507 ulio mrefu kuliko yote ya Virunga, huhitaji siku mbili, kibali na mwongozaji wa Hifadhi ya Taifa ya Volkano, na hulala kambini kwenye kimo cha mita 3,700 hivi. Huko maji hutokota kwa joto la chini ya nyuzi 90, na maharagwe makavu hayaivi hata ukeshe nayo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kukesha nayo kwenye kimo cha chini zaidi ya hicho, na hatarudia. Isitoshe, mkazi wa Gisenyi anaishi mita 1,460 tu juu ya bahari. Akipanda hadi 3,700 kwa siku moja, kichwa kuuma na kichefuchefu si jambo la ajabu. Dalili zikizidi, dawa ni kushuka, wala si kulala ukingoja kupambazuke.

Chakula na mzigo

Shanta lililojaa lisizidi robo ya uzito wa anayelibeba, na kwa asiye na mazoezi hata hiyo ni nyingi. Mtu wa kilo 60 ana kilo 15 za kugawa kati ya maji, chakula, nguo, mfuko wa kulalia na sehemu yake ya hema na sufuria. Maji yakichukua kilo tatu au nne, kinachobaki si kikubwa.

Chakula kinachofaa ni kilichokauka, chenye nguvu na kinachoiva upesi: unga wa uji wa sosoma, unga wa kaunga, mchele kidogo, karanga za kukaanga, sambaza zilizokaushwa, sukari, majani ya chai. Chapati na maandazi ni ya siku ya kwanza na ya pili. Maharagwe yachemshwe nyumbani na kuliwa usiku wa kwanza, basi. Ndizi, maparachichi na mihogo havihitaji kubebwa kutoka mjini, kwani njia inapita kwa wakulima, na kuwanunulia ni sehemu ya adabu ya safari. Kwa ajili hiyo kila mtu awe na noti ndogo mfukoni, kwa sababu si kila mwenye mkungu wa ndizi ana simu ya kupokelea fedha.

Ikumbukwe pia kwamba mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Rwanda tangu mwaka 2008. Mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka aliyezoea kufunga nguo zake katika mifuko hiyo ili zisilowe atafute mapema mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji. Nguo kavu za kulalia na chandarua ndivyo vitu viwili ambavyo haviruhusiwi kusahauliwa.

Nani mbele, nani nyuma

Misafara ya kale ilikuwa na mtu aliyeitwa kirongozi, aliyetembea mbele ya wote. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia hizo kuanzia mwaka 1857, ameeleza kuwa hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia kirongozi: aliyethubutu alitolewa mshale mmoja kutoka podoni mwake, na ilimbidi aukomboe mwisho wa mwendo. Wasimamizi, yaani wanyapara, walihakikisha kuwa msafara haukatiki.

Sheria ile ya mshale ilikuwa na maana kubwa kuliko inavyoonekana. Kundi halivunjiki kwa sababu ya mtu aliye nyuma. Huvunjika kwa sababu ya wawili au watatu wenye nguvu walio mbele. Wao hufika kwenye njia panda na kuchagua, wanaofuata hufika na kuchagua nyingine, na ndani ya saa moja watu wanane wamekuwa makundi matatu, moja lina sufuria, la pili lina kiberiti, na la tatu lina mgonjwa. Kwa hiyo mwenye miguu mizito atembee wa pili, nyuma tu ya kiongozi, na kasi yake iwe kasi ya wote. Mtu mwenye nguvu na mwenye subira awe wa mwisho, akiwa na kisanduku cha dawa. Kila njia panda wote wasimame hadi wa mwisho afike. Na huyo wa mwisho akifika, apewe nafasi ya kupumzika. Tabia ya walio mbele kuinuka na kuondoka mara tu aliyechoka anapowasili ni ukatili mdogo ambao wengi huufanya bila kujua.

Kundi lenye Waislamu na Wakristo lipange vituo vya kupumzika viendane na nyakati za sala, na nyama ikinunuliwa iwe halali kwa wote. Haya huzungumzwa nyumbani kabla ya kuondoka, yasije kuzungumzwa watu wakiwa na njaa.

Kalenda na mahali pa kulala

Mvua ndefu ni kuanzia Machi hadi Mei. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua zilileta mafuriko na maporomoko ya udongo yaliyoua watu zaidi ya 130, wengi wao katika Mkoa huu wa Magharibi, na Mto Sebeya ukafurika na kubomoa nyumba hapa Rubavu. Hakuna safari ya mapumziko inayostahili kupita chini ya milima ile katika miezi hiyo. Na hata wakati wa kiangazi, hema lisisimamishwe kwenye mkondo mkavu au chini ya ngema iliyolimwa. Wapanda milima wa Oman wanaijua hatari hii vizuri: mvua hunyesha mbali juu mlimani, na bondeni mtu amelala chini ya anga lenye nyota.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa pande hizi ndio walioipa jina lake, nalo limeingia katika vitabu vya wanasayansi wa dunia nzima: mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi itokayo ardhini katika nchi ya volkano, hasa kando ya ziwa upande wa Goma. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukusanyika katika mashimo na mabonde madogo, zaidi usiku na alfajiri kusipokuwa na upepo. Haionekani, na imewahi kuua mifugo na watu. Katika ardhi ya miamba ya volkano usilale shimoni hata kama pamekingwa na baridi. Lala palipoinuka, na ukiona wadudu au ndege waliokufa ndani ya kishimo, ondoka hapo na uwaonye wenzako.

Kulala popote upendapo hakuruhusiwi. Tumia vituo na nyumba za wageni zinazojulikana, na pale ambapo hakuna, mwone kwanza katibu mtendaji wa akagari, yule ambaye wenyeji humwita gitifu, au mkuu wa mudugudu. Mgeni aliyepiga hodi hulala salama.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda. Maduka na usafiri husimama kwa saa kadhaa za asubuhi, na kundi linalotembea kwa starehe wakati kijiji kizima kinachimba mitaro halitafurahiwa. Ama lishike majembe, ama lipange kuwa limepumzika. Wiki inayoanza Aprili 7, ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, si wakati wa safari za kujifurahisha.

Uamuzi wa kurudi

Misafara ya zamani ilikuwa na aibu moja kubwa. Mpagazi aliyeugua mara nyingi aliachwa kando ya njia, na msafara ukaendelea. Kundi la leo laweza kufanya jambo lilelile kwa upole, linapomwambia mwenzao aliyechoka, «rudi taratibu, utapata pikipiki huko nyuma», kisha likasonga mbele. Asirudi mtu peke yake. Anayerudi aende na wenzake wawili, ili mmoja akae naye na mwingine atafute msaada ikibidi. Maana yake kundi la watu wanne likipata mgonjwa mmoja, safari yote imekwisha, na hilo likubaliwe na wote kabla ya kufunga mashanta.

Yakubaliwe pia masharti ya kurudi, na yaandikwe, kwa sababu mtu aliyeko mlimani, mwenye uchovu na aliyekwisha kulipia mahali pa kulala, si mwamuzi mzuri. Kwa mfano: saa saba mchana ikifika kabla hatujapita kituo fulani, hatuendelei. Maji yakibaki nusu lita kwa kila mtu na bomba halijaonekana, tunashuka kwenye barabara au kijiji kilicho karibu. Mtu akitapika mara mbili, au akiacha kutoka jasho huku mwili wake unawaka moto, au akisema maneno yasiyoeleweka, awekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, na msaada uitwe papo hapo.

Njia za kutoka zipo, na ziwekwe alama kwenye ramani. Barabara ya lami ya Rubavu, Karongi na Rusizi inapita juu ya njia kwa sehemu kubwa, na pikipiki hufika vijiji vingi. Hospitali ziko Gisenyi, Murunda wilayani Rutsiro, Kibuye na Mugonero wilayani Karongi, Kibogora wilayani Nyamasheke, na Gihundwe wilayani Rusizi. Gari la wagonjwa huitwa kwa 912, na polisi kwa 112. Ufuoni simu huweza kunasa mtandao wa upande wa Kongo bila mwenyewe kujua, salio likaisha kwa simu moja. Chagua mtandao wako kwa mkono kabla ya kuondoka, na beba betri ya akiba.

Karatasi moja ibaki kwa mtu wa nyumbani anayeaminika. Iwe na majina ya wote, namba zao, mahali pa kulala kila usiku, namba ya mwenyeji wa kila mahali, na saa ambayo simu ya jioni itapigwa. Iandikwe pia afanye nini simu isipopigwa: asubiri hadi saa tatu usiku, ampigie mwenyeji wa kituo cha siku hiyo, na kundi likiwa halijafika, apige 112.